Siku moja ya baiskeli ndani ya Arabuko-Sokoke, kifundo kikiwa kimeteguka kidogo

Mtu akiteguka kifundo siku chache kabla ya safari ya baiskeli, watu humgawanyia ushauri wa aina mbili: lala nyumbani, au funga bendeji uende. Mwongozo huu ni wa yule aliye katikati, ambaye kifundo chake kimevimba kidogo, anatembea bila kuchechemea sana, na safari yake ya msituni alishaipanga.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: kupiga pedali si adui wa kifundo. Mguu ukiwa juu ya pedali haubebi uzito wote wa mwili, wala haupindiki kwenda kando. Kano zilizovutika huumia unaposhuka, hasa unaposhuka ghafla kwenye mchanga, kwenye mzizi au kwenye shimo lililofunikwa na majani. Kwa hiyo siku nzima ipange kwa swali moja: mguu huu utakanyaga chini mara ngapi, na utakanyaga juu ya nini?

Nimeuchagua msitu wa Arabuko-Sokoke, ulio kati ya Kilifi na Malindi, pwani ya Kenya. Una ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420, na ndio msitu mkubwa zaidi wa ukanda mkavu wa pwani uliobaki kwa kipande kimoja Afrika Mashariki. Karibu wote ni tambarare, hauna milima ya kukulazimisha kusimama juu ya pedali. Shida zake ni mchanga, joto na ndovu, na zote tatu zinahusiana na kifundo chako.

Hatua ya 1: Hakikisha jeraha ni dogo kweli

Fanya hivi siku ya kuumia na urudie kila asubuhi. Simama, tembea hatua nne. Ukishindwa, usiendelee kusoma, nenda ukapigwe eksirei. Kisha bonyeza kwa kidole ile mifupa miwili iliyotokeza kulia na kushoto mwa kifundo, kwenye ncha zake za chini na ukingo wa nyuma. Bonyeza pia mfupa uliotokeza katikati ya ukingo wa nje wa wayo, na ule wa upande wa ndani ulio mbele kidogo ya kifundo. Maumivu makali kwenye mfupa wenyewe, si kwenye nyama laini inayouzunguka, yanaweza kuwa dalili ya ufa. Hapo pia ni hospitali. Ganzi kwenye vidole, mguu uliobadilika rangi ukawa wa baridi, au kifundo kinachoachia ghafla ukitembea, vyote vinafunga mjadala.

Ukivuka hapo, subiri. Saa 48 za kwanza si za baiskeli hata kidogo, na zikifika 72 ni bora zaidi.

Jaribio la mwisho lifanye jioni ya kuamkia safari: shika ukuta, simama kwa mguu ulioumia peke yake, hesabu hadi kumi. Ukiweza, na maumivu ni ya kukukumbusha tu, unaweza kwenda. Ukiweza lakini umekunja uso na kushikilia pumzi, ahirisha. Msitu haung'oki.

Hatua ya 2: Tunza mguu siku zilizotangulia

Barafu dakika 15 hadi 20 kila baada ya saa mbili au tatu, siku mbili za kwanza, ikiwa imezungushiwa kitambaa isiunguze ngozi. Kama nyumbani hakuna friji, wauza samaki wa Malindi na Watamu wana barafu. Omba kiasi kidogo utie kwenye mfuko. Ukilala, inua mguu kwa mito uwe juu kuliko moyo.

Kuna suala la kukandwa. Kwetu mtu akiteguka hupelekwa kwa mkandaji siku hiyo hiyo, akamiminiwa maji ya moto na kuvutwa mguu. Naheshimu mikono ya wakandaji, na wako wenye ujuzi hasa, lakini joto na kuvutwa katika siku mbili za kwanza huongeza uvimbe. Waambie wazee kwa adabu kwamba utakandwa wiki ijayo. Badala yake, kuanzia siku ya pili, andika herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, A hadi Z, mara tatu kwa siku. Zoezi hilo dogo hurudisha mwendo wa kifundo bila kukibebesha uzito.

Dawa za maumivu usizimeze asubuhi ya safari ili uweze kwenda. Maumivu ndiyo yatakayokuambia ugeuke, na ukiyanyamazisha utageuka umechelewa. Zaidi ya hayo, ibuprofeni na za jamii yake haziivani na jua la pwani na upungufu wa maji mwilini, kwa kuwa mzigo huangukia figo.

Hatua ya 3: Itengeneze baiskeli iufuate mguu

Kwanza kiti. Kishushe kama sentimita mbili chini ya kimo chako cha kawaida, ili ukiwa umekaa uweze kusimamisha baiskeli na kukanyaga chini kwa mguu mzima, yaani ule usioumia, bila kuteremka. Kiti cha chini huchosha magoti kikitumiwa kwa safari ndefu, lakini kwa siku moja ya mwendo mfupi ni biashara nzuri.

Pedali ziwe bapa. Kama baiskeli yako ina zile za kunasa kiatu, zitoe, maana kujinasua kunadai uzungushe kisigino kwenda nje, na hiyo ndiyo harakati ambayo kano zako haziitaki. Ukipiga pedali, weka katikati ya wayo juu ya ekseli ya pedali badala ya kutumia vidole. Utapoteza nguvu kidogo, ila kifundo kitafanya kazi ndogo zaidi.

Tairi pana ndizo za msitu huu. Zile baiskeli nzito za chuma tunazoziita Black Mamba hufika popote, lakini tairi zake nyembamba huzama mchangani, na uzito wake hauna huruma ikikulalia. Ukikodi Watamu, dai yenye tairi nene na gia zinazobadilika bila kugoma. Mwombe fundi akaze breki. Ya nyuma hasa, kwa sababu ndiyo utakayoitegemea kwenye mchanga.

Hatua ya 4: Jifunze kushuka upya

Hatua hii watu huiruka, nami naiona kuwa muhimu kuliko bendeji.

Wengi wetu hupanda na kushuka upande wa kushoto, mguu wa kushoto ukibeba uzito. Kama kilichoteguka ni cha kulia, una bahati, endelea na mazoea yako. Kama ni cha kushoto, lazima uhamie kulia, upande wa cheni, na mwili utakataa. Fanya mazoezi uani: laza baiskeli kidogo kulia, kanyaga kwa mguu wa kulia, pitisha wa kushoto nyuma ya kiti. Pinda suruali au ivae soksi kwa juu, vinginevyo cheni itaila. Rudia hadi usihitaji kufikiri.

Kisha jizoeze kusimama kwa ghafla. Mwambie mtoto apige kelele "simama!" wakati wowote, nawe ufunge breki na kutua kwa mguu mzima. Dharura msituni haikupi muda wa kuchagua mguu, utatua kwa ule uliouzoeza.

Ukishashuka, baiskeli itakuwa imebaki upande wa mguu ulioumia. Kwa hatua chache si neno. Lakini ukitaka kuikokota mbali, zunguka nyuma yake uhamie upande wa pili, ili uiegemee kama mzee anavyoshika mkongojo mkono wa upande wa mguu mzima. Utashangaa jinsi mwendo unavyokuwa mwepesi.

Hatua ya 5: Chagua njia kwa kuangalia udongo

Arabuko-Sokoke ni misitu mitatu iliyoshikana. Upande wa mashariki, karibu na barabara kuu ya Mombasa–Malindi, kuna msitu mchanganyiko wenye miti mirefu na vivuli vizito, ambako mbambakofi bado wapo. Katikati ni ukanda wa mirihi, mti wa jamii ya miombo, ulioota kwenye mchanga mweupe. Magharibi ardhi inanyanyuka polepole, udongo unageuka mwekundu na vichaka vinabana.

Kwa kifundo kibovu, mchanga mweupe ndio mgumu. Kiangazi hulegea, tairi ikazama na ukalazimika kushuka. Ukiloweshwa na mvua ya usiku hushikana, na baiskeli hupita juu yake vizuri. Udongo mwekundu ni kinyume chake: mkavu ni mgumu na mzuri, ukilowa unateleza na kushika matairi. Kwa hiyo kukiwa kumenyesha manyunyu jana, kaa kwenye mchanga. Kukiwa kukavu, pita ukanda mweupe kwa uangalifu au geuka kabla ya kuufikia. Wakati wa masika, Aprili hadi Juni, njia nyingine hujaa maji, na mimi nisingemshauri mwenye kifundo kilichoteguka aingie.

Anzia kituo cha msitu cha Gede, kando ya barabara kuu, chini ya kilomita 20 kutoka Malindi. Fuata njia ya magari kwenda ndani na urudi kwa njia hiyo hiyo. Najua wapenda baiskeli hawapendi kurudia njia. Leo kurudia ni faida: kila shimo na kila kipande cha mchanga utakuwa umekiona. Jumla isizidi kilomita 20, na hesabu mwendo wa kilomita nane kwa saa, vituo kando.

Usiingie peke yako. Huduma ya Misitu ya Kenya na KWS, yaani Huduma ya Wanyamapori, wote wana watu wao hapo, na wako waongoza wageni wa kutoka vijiji vya jirani wanaoujua msitu huu tangu utotoni. Wasiliana nao siku moja kabla, waambie una mguu mbovu na utakuwa kwa baiskeli, ili aje mwenye baiskeli yake. Kiingilio cha KWS hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo ya serikali, kwa hiyo kimalize jioni ukiwa bado na mtandao.

Hatua ya 6: Mzigo

Maji lita tatu. Ndizi, karanga, na kitu chenye chumvi. Pampu, tyubu ya akiba, viraka na gundi yake. Bendeji mbili za kuvutika, moja mguuni na nyingine mfukoni. Filimbi. Simu iliyojaa chaji, ingawa ndani mtandao hupotea. Dawa ya mbu. Parasetamoli ya jioni, si ya asubuhi.

Usibebe begi zito mgongoni. Uzito ufunge kwenye karia ya nyuma, kwa sababu mgongo ukiwa mzito kila kushuka kunakuwa kutua kwa kishindo. Viatu viwe vya kufunika kifundo kama unavyo, vyenye soli ngumu. Malapa yaache.

Hatua ya 7: Asubuhi

Amka saa kumi na moja. Kula kabla ya kufunga mguu. Mahamri na mbaazi yatakufikisha mchana.

Bendeji ifungwe kabla hujatembea sana, uvimbe ukiwa mdogo. Kaa, kunja kifundo ili wayo na muundi vifanye pembe mraba. Anza karibu na vidole, zungusha mara mbili, kisha pitisha juu ya wayo, nyuma ya kifundo, urudi mbele chini ya wayo, kwa umbo la nane. Kila mzunguko ufunike nusu ya ule uliotangulia. Ukimaliza, bonyeza ukucha wa kidole gumba cha mguu mpaka uwe mweupe, kisha uachie. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ikichelewa, umekaza mno: fungua uanze tena.

Anza mwendo saa kumi na mbili na nusu. Barabara kuu pita upande wa kushoto kabisa, kwenye lami, na ukisikia matatu nyuma usiteremke kwenye changarawe kwa pupa. Ukingo wa lami hapo umekatika, na ndiko mguu hupinda.

Hatua ya 8: Ndani ya msitu

Kilomita mbili za kwanza ni za kuupasha mguu moto. Gia nyepesi, mwendo wa polepole. Kifundo kilicholala usiku kucha huanza kikiwa kigumu, na kwa kawaida baada ya dakika 15 hulegea. Kisipolegea, umepata jibu lako mapema.

Ukiingia kwenye njia ya mchanga, punguza upepo wa tairi kidogo, kiasi kwamba ukibonyeza kwa kidole gumba tairi libonyee. Usipunguze sana, mizizi itakutoboa tyubu. Mchanga utauona kabla ya kuufikia: alama za magurudumu ya magari zinapoteza kingo na kumomonyoka. Badilisha gia hapo hapo, kabla tairi la mbele halijagusa. Rudisha makalio nyuma, legeza mikono, tazama mbali, na uendelee kupiga pedali kwa mdundo uleule. Tairi la mbele litacheza kulia na kushoto, liache. Anayeng'ang'ania usukani ndiye anayeanguka. Ukihisi umekwama, usipigane na mchanga kwa msukumo wa mwisho. Funga breki, tua kwa mguu mzima, shuka kwa utaratibu, kokota mpaka penye ugumu.

Kabla ya kukanyaga popote, tazama. Nyoka aitwaye moma hulala kimya kwenye majani makavu na rangi yake ni ya majani yenyewe. Siafu nao hukatiza njia, na aliyekanyaga safu ya siafu huruka bila kupanga atatulia mguu gani.

Kuhusu ndovu: wapo ndani, wamezungushiwa ua wa umeme wasiharibu mashamba ya vijiji. Mwenye mguu mzima anaweza kujidanganya kwamba atakimbia. Wewe huna hata udanganyifu huo, kwa hiyo mwache mwongozaji atangulie, kwenye kona punguzeni mwendo na mzungumze kwa sauti ya kawaida ili msiwashtue. Kinyesi kibichi chenye unyevu, matawi yaliyovunjwa majani yakiwa bado hayajanyauka, harufu nzito ya ghafla: simameni, sikilizeni. Mwongozaji akisema "turudi, kaka", hakuna kubishana kuhusu picha. Jambo hili pia ndilo linalonifanya nisisitize asubuhi, kwa sababu alasiri ndovu huanza kutembea kutafuta maji.

Vituo vifanye vichache na vyenye maana. Kila dakika 40 simama mahali pagumu penye kivuli, kunywa maji, inua mguu uuweke juu ya bomba la juu la baiskeli kwa dakika tano. Vituo vingine fanya bila kuteremka, ukiwa kitini, mguu mzima chini. Hapo ndipo kile kiti ulichokishusha kinakulipa. Utasikia majani makavu yakichakura pembeni, mchakacho wa haraka unaokatika na kuanza tena, halafu mnyama wa ukubwa wa sungura mdogo achomoze kutoka chini ya kichaka: pua ndefu inayochezacheza ikichimbua wadudu, miguu myembamba, na matako ya manjano yanayong'aa kwenye kile kivuli. Huyo ni sange wa Arabuko-Sokoke, na nje ya msitu huu na vipande vichache vya karibu hapatikani kwingine duniani. Hushtuka kwa mtu anayeteremka na kuparamia vichaka. Anayetulia kitini humwona kwa muda mrefu zaidi.

Hatua ya 9: Amri za kugeuka

Ziweke kabla ya kuanza na umwambie mwongozaji, ili uwe na shahidi. Maumivu yapime kwa kumi. Hadi tatu, endelea. Yakifika tano na yasishuke baada ya mapumziko ya dakika kumi, geuka. Maumivu ya kuchoma kama sindano, geuka. Bendeji ikianza kubana bila wewe kuikaza, mguu unavimba: legeza, pumzika, geuka. Na hata kama huna maumivu yoyote, saa tatu kamili asubuhi geuka popote ulipo. Nusu ya safari ni kurudi, na joto la saa tano halifanani na la saa moja.

Ukishindwa kabisa kupiga pedali, kaa kivulini na mwongozaji wako, na atafutwe mtu wa bodaboda au gari la kituo likufuate. Usikokote baiskeli kilomita saba kwa ajili ya heshima.

Hatua ya 10: Mchana na alasiri

Kufikia saa tano uwe Gede. Agiza madafu mawili, unywe moja moja. Vua kiatu, fungua bendeji, tia barafu dakika 15 mguu ukiwa juu ya kiti kingine, kisha kula.

Kwa alasiri, lile daraja la mbao linaloning'inia juu ya mikoko ya Mida liache kwa siku nyingine. Ni zuri sana, lakini linayumba, na kifundo kitalazimika kujisawazisha kila hatua. Nenda magofu ya Gede, mji wa Waswahili ulioachwa katika karne ya 17 na kuingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024. Tembea polepole kwenye njia zilizofagiwa, usipande juu ya kuta wala mawe ya matumbawe. Ndani ya uwanja huo huo kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993, ambapo wakulima wanaoishi kando ya msitu hufuga viwavi wa vipepeo mpaka wajifunge kuwa mabuu yaliyotulia, nayo huuzwa nje ya nchi. Wamepata sababu ya kipato ya kuuacha msitu usimame. Kaa hapo banda la vipepeo likiwa mbele yako, mguu umenyooshwa.

Hatua ya 11: Jioni na kesho yake

Barafu tena, mguu juu. Parasetamoli sasa ruhusa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Pima mzunguko wa kifundo kwa uzi na ulinganishe na kile kizima, kisha funga fundo kwenye uzi huo uuhifadhi.

Asubuhi, kabla ya kushuka kitandani, pima tena kwa uzi uleule. Uvimbe ukiwa sawa au umepungua, na hatua nne za kwanza ukazitembea kama jana, pumzika siku moja kisha unaweza kuendesha tena. Uvimbe ukiwa umezidi fundo, wiki hiyo baiskeli ikae ndani. Na ikipita wiki mbili kifundo bado kinaachia ukiteremka ngazi, mwone daktari wa mifupa au mtaalamu wa mazoezi ya viungo, uende na uzi wako umwonyeshe.